Msimu wa Wapitao: Timu za Mpira za Vyuo na Historia Nyingine ya Kiswahili, kutoka Kiungani hadi Nakivale

Ikisiri

Historia ya Kiswahili nchini Uganda husimuliwa mara nyingi kupitia kambi za jeshi. Makala haya yanapendekeza kuisimulia pia kupitia uwanja wa mpira wa chuo. Yanalinganisha mazingira matatu ambamo vijana waliotoka mbali na makwao walikutana shuleni, wakaunda timu na kuelewana kwa Kiswahili: Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, katika karne ya 19, Taasisi ya Saint-Boniface mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1939, na ukanda wa Mbarara, Kaberebere na Nakivale wa siku zetu. Hoja kuu ni kwamba timu ya chuo ni timu ya wapitao: wachezaji huondoka kila mwaka, na kinachobaki ni lugha waliyoitumia kuelewana. Makala yanahitimisha kwa kueleza hoja hiyo inadai nini katika utekelezaji wa sera ya Kiswahili nchini Uganda baada ya mwaka 2022.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea Nakivale hupitia Kaberebere, mji mdogo wa barabarani wilayani Isingiro, uliozungukwa na mashamba ya migomba. Lugha ya mji ni Kinyankore. Hata hivyo, kadiri barabara inavyokaribia makazi ya wakimbizi, ndivyo Kiswahili kinavyozidi kusikika: sokoni, kwenye vituo vya bodaboda, na jioni katika viwanja vya mpira. Hakuna waraka wa wizara uliokipeleka huko. Basi ni halali kuuliza: Kiswahili hiki ni cha nani, na kina historia gani?

Jibu lililozoeleka nchini Uganda ni jeshi. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles, kikawa lugha ya polisi, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Mbarara, na mji ukaharibiwa vibaya. Kwa wazee wengi wa Ankole, basi, Kiswahili kilisikika kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, nayo imekuwa sababu mojawapo ya watu kukisita Kiswahili hata sheria ilipokifungulia mlango.

Makala haya hayaikanushi historia hiyo. Yanadai tu kwamba si historia pekee. Kando yake ipo nyingine, iliyopita shuleni na uwanjani, ambayo wanahistoria wa lugha hawajaipa uzito unaoistahili.

2.0 Msamiati wa uwanjani na asili yake

Tuanze na maneno yenyewe, kwani msamiati ni ushahidi wa historia. Neno "msimu" limetokana na Kiarabu *mawsim*, yaani majira maalumu, na katika pwani yetu lilihusishwa na majira ya pepo za biashara. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Msimu, kwa hiyo, ulikuwa muda wa kukaa pamoja kwa watu ambao walijua tangu mwanzo kwamba wataachana. Neno "nahodha" nalo, lenye asili ya Kiajemi, lilimtaja mkuu wa chombo cha baharini kabla ya kumtaja kiongozi wa wachezaji kumi na mmoja. "Bao" lilikuwa ubao, kisha mchezo unaochezwa juu yake, kisha alama ya ushindi. "Mpira" ulikuwa jina la mmea na utomvu wake kabla ya kuwa kitu kinachopigwa teke.

Neno hili la mwisho lina umuhimu wa pekee katika eneo tunalolizungumzia. Mswahili wa pwani husema "mpira". Mkongo wa Kivu au Katanga husema "mupira", kama asemavyo "mutu" na "mutoto". Mnyankore na Mganda husema "omupiira". Mnyarwanda na Mrundi husema "umupira". Kijana anayewasili Nakivale akitokea popote katika nchi hizo hahitaji kufundishwa jina la kitu kinachochezewa. Pengine ndilo neno la kwanza analoligundua kuwa ni lake na la wenyeji pia.

Zaidi ya msamiati wa asili, kuna ukopaji. Pwani ilikopa kutoka Kiingereza: goli, kipa, refa, kona, penati, beki, winga. Kongo ilipokea maneno mengi ya uwanjani kutoka Kifaransa. Baadaye wataalamu na watangazaji walieneza maneno kama mlinda lango, mwamuzi, kiungo na mshambuliaji. Ni kweli kwamba "mshambuliaji" na "ulinzi" ni maneno ya vita. Lakini "nahodha", "msimu", "lango" na "kiungo" ni ya bandari, nyumba na mwili. Lugha ya mpira haikuzaliwa kambini peke yake.

3.0 Kiungani: timu ya waliookolewa

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mwaka huohuo Sultani Majid aliikabidhi wavulana watano waliokuwa watumwa. Huo ukawa mwanzo wa shule iliyokua na kuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, pembezoni mwa mji. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa hasa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja.

Wanaisimu wanaikumbuka Kiungani kwa sababu nyingine. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870 na kuwa askofu mwaka 1874, alifanya kazi katika misheni hiyo. A. C. Madan, mtunzi wa kamusi zilizokuwa msingi wa leksikografia ya Kiswahili, alikuwa mwalimu humo. Mwaka 1887 Madan alihariri kitabu chenye simulizi za wanafunzi wa Kiungani wenyewe kuhusu kukamatwa kwao na safari zao. Njia iliyopelekea Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ilipitia madarasa hayo.

Ilipitia pia uwanja wao. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu burudani na siasa Unguja, ameonyesha kwamba mpira wa miguu uliingia Unguja kupitia shule hii kabla ya kuenea katika mitaa ya mji na kuwa mchezo wa makuli, makarani na mafundi. Walimu Waingereza walikusudia kuufanya mpira chombo cha nidhamu. Wavulana walikuwa na haja nyingine. Kijana aliyetenganishwa na ndugu zake alipata uwanjani watu kumi waliomtegemea. Katika simulizi walizoandika darasani alieleza alivyokuwa peke yake. Katika timu alikuwa mmoja wa wenzake.

Kiungani ilikuwa chuo cha wapitao. Wahitimu walitumwa Magila, Masasi na pande za Ziwa Nyasa wakiwa walimu na makasisi. Mnamo miaka ya 1920 chuo chenyewe kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe. Hivyo hakuna klabu inayoitwa Kiungani ambayo leo inaweza kudai mataji yake. Hata hivyo mchezo ulibaki mjini, na lugha iliyochezewa ikaenda bara.

4.0 Élisabethville, 1939: msimu wa kwanza wa wanafunzi wa Saint-Boniface

Mfano wa pili uko Kongo, nao unatupa msimu wenye matokeo yanayojulikana. Mji wa Élisabethville ulikua juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, na katika miaka ya 1920 hata watu kutoka Ruanda-Urundi. Kama alivyoeleza Johannes Fabian, Kiswahili kilikua mjini humo kati ya watu waliokutanishwa na kazi, hadi kikawa lugha ya kwanza ya watoto wao.

Mwaka 1939 watawa Wabenedikto walioongoza Taasisi ya Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao, hasa wale ambao hawakuelekea upadri. Waliiita Saint-Georges. Shirikisho la michezo la wakati huo liliiingiza moja kwa moja katika daraja la kwanza, na mwisho wa msimu wake wa kwanza timu hiyo ya wanafunzi ilishika nafasi ya tatu. Kwa timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaundwa, hayo hayakuwa matokeo madogo.

Yaliyofuata yanaonyesha tatizo la asili la kila timu ya chuo. Wanafunzi humaliza masomo. Mwaka 1944 timu ilibadilishwa jina kuwa Saint-Paul. Miaka kadhaa baadaye wachezaji kutoka nje ya shule waliingizwa, na wamisionari wakaachana na uongozi wake. Timu ikaitwa Englebert, kwa jina la chapa ya matairi. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo na kujiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 na 1968 ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Klabu hiyo ndiyo TP Mazembe, iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 na kufungwa na Inter Milan mabao 3-0.

Timu ya Saint-Boniface, basi, ilipoteza shule yake, jina lake na waanzilishi wake. Kitu kimoja hakikupotea: ilibaki timu ya mji uzungumzao Kiswahili, na mashabiki wake waliendelea kuishangilia kwa lugha ambayo wazazi wao waliikuta au kuiunda mgodini.

5.0 Uganda: vyuo vilivyokikosa Kiswahili

Nchini Uganda mambo yalikwenda kinyume. Hapa pia mpira uliingia kwa mkono wa walimu wa misheni, nao ulistawi katika shule kama King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906. Shirikisho la mpira liliundwa mwaka 1924. Mwaka 1926 Uganda na Kenya zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo tangu mapema mchezaji wa Uganda alikutana uwanjani na wenzake wazungumzao Kiswahili.

Shuleni, hata hivyo, Kiswahili hakikupata nafasi. Gavana Gowers alipojaribu kukipanua katika elimu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipingwa na maaskofu na Kabaka Daudi Chwa. Shule zikabaki na Kiingereza na lugha za wenyeji. Kiswahili kikabaki na askari. Ndivyo ilivyotokea kwamba wasomi wa Uganda walicheza mpira kwa lugha moja, na askari wao kwa nyingine. Ni lazima kukiri kwamba wa pili walikuwa hodari: Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Guinea. Hivyo hata uwanjani, kwa Mganda wa kizazi hicho, Kiswahili kilivaa sare.

6.0 Mbarara, Kaberebere, Nakivale

Mgawanyiko huo ulianza kupungua kutoka upande ambao haukutarajiwa. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yanawahifadhi zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Wakongo wengi walikuja na Kiswahili cha Kivu, na Kiswahili kikawa lugha mojawapo kubwa ya mawasiliano baina ya jamii hizo.

Upande wa pili wa barabara upo mji wa shule. Ntare School ilianzishwa mwaka 1956, na miongoni mwa waliosoma hapo ni marais wawili wa baadaye, Yoweri Museveni wa Uganda na Paul Kagame wa Rwanda, ambaye alikulia Uganda akiwa mtoto wa wakimbizi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilifunguliwa mwaka 1989, kikiwa cha pili cha umma baada ya Makerere. Ligi ya mpira ya vyuo vikuu vya Uganda ilianza mwaka 2012. Mwaka 2017 timu ya mji, Mbarara City, ilipanda Ligi Kuu na kuufanya uwanja wa Kakyeka mahali pa kukutana watu wa kila namna. Na tangu mwaka 1992 mpango wa ufadhili wa DAFI, ulioasisiwa na Serikali ya Ujerumani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, umewawezesha vijana wakimbizi kuingia vyuo vikuu.

Msimu wa chuo una sifa zake. Hufuata muhula, si kalenda ya ligi tu. Mitihani inaweza kumnyima kocha beki wake bora wiki ya fainali. Kila mwaka wa masomo unapoisha, sehemu ya kikosi huvaa majoho na kuondoka, na nahodha mpya huanza upya na watu wasiojuana. Timu ya makazi ya wakimbizi huishi hivyohivyo, kwa sababu nzito zaidi: huyu amepelekwa nchi ya tatu, yule amerudi kwao, mwingine amekwenda Kampala kutafuta riziki. Katika hali zote mbili kocha hana uhakika wa kikosi cha msimu ujao.

Tuseme sasa kikosi kina kipa kutoka Bujumbura, beki kutoka Masisi, winga aliyezaliwa Isingiro na mshambuliaji kutoka Mogadishu. Hawana muda wa sarufi. Wanahitaji maneno machache ya amri: toa, lete, rudi, piga, nyuma. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Amri hizo ndizo hasa alizozisikia mwananchi wa Ankole kutoka kwa mwenye bunduki. "Toa" ya kizuizini ilimaanisha: nipe kilicho chako, nami sitakurudishia. "Toa" ya uwanjani humaanisha: mpe mwenzako, naye atakurudishia ukiwa mahali pazuri zaidi. "Lete" ya askari ilikuwa mwisho wa mazungumzo. "Lete" ya mchezaji ni ombi la kushirikishwa. Umbo la kitenzi ni lilelile. Kilichobadilika ni uhusiano wa wasemaji.

Hofu ya lugha haiponi kwa tamko la serikali, kwa sababu haikuletwa na tamko. Ililetwa na sauti fulani, katika mahali fulani. Huweza kupungua pale sauti nyingine inapoyatamka maneno yaleyale kwa kusudi jingine, mara nyingi, mpaka sikio lizoee. Msimu mmoja wa mpira una nafasi nyingi za kufanya hivyo.

7.0 Maana yake kwa sera

Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Siku chache baadaye, tarehe 11 Julai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili yalifanyika katika mwezi mmoja, lakini utekelezaji wake umeelekea kutenganishwa. Wapangaji wanapozungumzia upungufu wa walimu, macho yao huelekea Dar es Salaam na Zanzibar. Ni sawa, lakini wanawaruka wazungumzaji walioko umbali mfupi kutoka Mbarara.

Sababu inayotolewa ni kwamba Kiswahili cha wakimbizi si sanifu. Historia iliyoelezwa hapa inaifanya sababu hiyo iwe ngumu kutetea. Kiswahili Sanifu chenyewe kilipata sehemu ya malezi yake Kiungani, kati ya vijana waliotolewa majahazini, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na nasaba ya kujivunia mbele ya wenye mji. Kama wangepimwa kwa kipimo tunachompimia kijana wa Nakivale, tungesema kwamba Kiswahili chao hakifai kufundishia. Usanifu ni jambo la kuongezewa msemaji. Haufai kuwa sharti la kumkubali.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, vyuo vya ukanda wa Mbarara viwahesabu wanafunzi wazungumzao Kiswahili kutoka Nakivale kuwa wasaidizi wa ufundishaji, kuanzia na mazungumzo ya darasani na vilabu vya michezo. Pili, taarifa za mechi za vyuo ziandikwe kwa Kiswahili na wanafunzi wenyewe. Taarifa ya mchezo ni zoezi zuri la utunzi: ina mfuatano wa matukio, ina sababu na matokeo, na ina wasomaji wanaoitamani. Tatu, watafiti wakusanye historia za misimu ya timu hizi wakati wachezaji wangalipo. Timu ya wapitao haina mzee wa klabu wa kukumbuka kwa niaba yake.

8.0 Hitimisho

Kiungani ilihamishwa, na timu ya Saint-Boniface ikaacha shule iliyoizaa. Wachezaji wanaopita Kaberebere leo, wengine wakielekea chuoni Mbarara na wengine wakirudi Nakivale, nao wataondoka. Lakini kila mara waliokaa msimu mmoja pamoja waliacha lugha imepanuka kidogo na imezoeleka kidogo zaidi. Historia ya Kiswahili nchini Uganda imeandikwa kwa kuwafuata waliokaa na silaha. Wakati umefika wa kuwafuata pia waliopita na mpira, tena kabla muhula haujaisha.